Mgonjwa Ndani ya Tenga

Mbwa wangu ana urefu wa benchi na kimo cha kigoda. Sikumchagua. Nilipokuwa nafundisha Dar es Salaam, mwenye nyumba wangu alihama nchi akaniachia vitu viwili: notisi ya kuondoka na huyo mbwa. Nilipopata uhamisho wa kurudi kwetu Tabora, nilishuka stesheni na masanduku mawili na mbwa kwapani. Shangazi alikuwa amekuja kunipokea. Aliiangalia miguu ile mifupi, akaniuliza kama iliyobaki inakuja na treni ya mizigo.

Shangazi ndiye aliyenilea. Ni muuguzi mstaafu, ameongoza wodi ya wanaume kwa miaka mingi, na hadi leo kuna wazee hapa mjini ambao wakimwona njiani wanaficha sigara. Mji mzima unamwita Sista. Nyumba yake iko Chemchem, ina sakafu nyekundu ya saruji inayosuguliwa kila Jumamosi, na tangu ijengwe hakuna mbwa aliyewahi kuikanyaga. Siku ya kwanza alitangaza sheria: mbwa ni wa uani. Baada ya wiki mbili mbwa alikuwa analala kwenye kochi la sebuleni, na ukimuuliza shangazi, alisema ni kwa sababu ya mvua. Ilikuwa Agosti.

Ugonjwa ulianza kwa dalili ambazo leo naziona ni za wazi kabisa, na wakati ule tulizikosea zote, moja baada ya nyingine, kwa kujiamini. Kwanza aliacha kupanda kochi. Alikuwa anasimama mbele yake, anaweka kidevu kwenye mto, anawaza. Nikasema amezeeka. Kisha akaanza kutembea ameukunja mgongo kwa juu, anatetemeka na hakuna baridi, na ukimwekea bakuli chini hataki kuinamisha shingo. Tumbo lake likawa gumu. Shangazi akasema minyoo, tukampa dawa ya minyoo. Siku moja nilimwinua kwa kumshika makwapa, kama tulivyozoea, akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mnyama. Shangazi akasema minyoo inatoka.

Jumapili tulipotoka kanisani tulisikia kucha zikikwaruza sakafu. Alikuwa anakuja kutupokea kwa miguu ya mbele tu. Ya nyuma ilikuwa inaburuzwa, imepishana, nyayo zimegeuka juu. Uso wote ulikuwa umefurahi kutuona, na nusu ya nyuma haikuwa na habari. Nilikaa pale pale kwenye saruji na suti yangu ya Jumapili, mtu mzima, mwalimu wa jiografia, nikalia. Sioni haya kusema nilikuwa nampenda yule mbwa. Shangazi alinivuka akaenda kuchukua sanduku lake la dawa.

Jirani yetu wa mbele, aliyesikia kilio changu, alikuja na ushauri. Anamfahamu mama mmoja anayechua viuno, hodari, akimkalia mtu mgongoni dakika kumi tu mtu anaamka anacheza. Wakati huo shangazi alikuwa ameshachagua vidonge vya maumivu, vile anavyomeza yeye mwenyewe. Kwa bahati nilikuwa nimeshampigia simu daktari wa mifugo.

Daktari huyo ni mtu wa ng'ombe. Maisha yake yote yameishia kwenye majosho ya Nzega na Igunga, na anaongea kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya zizi. Alimwangalia mbwa wangu kama fundi aliyeitwa kutengeneza trekta akaonyeshwa cherehani. Lakini alipiga magoti. Aliugeuza mguu mmoja wa nyuma, akausimamisha juu ya mgongo wa wayo, akangoja. Mbwa aliuacha hivyo hivyo, kana kwamba si wake. Kisha daktari akatoa koleo ndogo akaminya kidole cha mguu ule. Mbwa aligeuka akataka kumng'ata.

"Safi sana!" daktari akapiga kelele. "Kataka kuning'ata! Angenyamaza hapo, ningewaambia maneno mengine."

Akatueleza. Kati ya pingili na pingili za mgongo, alisema, kuna kitu kama embe la kufyonza: ganda nje, ute ndani. Kwa mbwa hawa warefu kile kiembe hukauka mapema. Siku akiruka vibaya, au hata bila kuruka, kinapasuka, na yaliyomo yanaingia kubana uti wa mgongo. Upasuaji upo, ila si hapa, na kumsafirisha mbali kwenye rasta na matuta ya barabara ni kummaliza.

"Tumebaki na tiba moja," alisema. "Akae. Wiki sita. Mahali padogo, ajigeuze na kulala tu. Asitembee, asiruke, asipande ngazi. Mkimtoa kukojoa, abebwe kwa mikono miwili, mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio, mgongo uwe sawasawa. Kibofu mtakuwa mnamkamua wenyewe, nitawaonyesha. Na dawa ni hizi nitakazowapa mimi. Hizo ulizoshika, mama, zitamtoboa tumbo."

Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumwambia shangazi aweke dawa chini. Aliziweka.

"Na kumchua?" jirani akauliza.

"Mkimchua, msinipigie tena simu. Nunueni jembe."

"Na wiki sita zikiisha hajasimama?" shangazi akauliza.

Daktari alishusha sauti hadi kiwango cha binadamu. "Nitarudi siku hiyo, mama. Kama hajasimama, na mkojo hautoki wenyewe, nitakuwa na sindano ya kumpumzisha. Si haki kumwacha aburuze maisha yote."

"Sawa," shangazi akasema, kwa sauti ya kupokea maagizo ya mganga mkuu.

Mahali padogo tulipokuwa napo palikuwa tenga la kuku. Ni tenga kubwa la fito, ambamo ndugu zetu wa Bukene hutuletea kuku wa Krismasi kwa treni. Tulilisugua, tukatandika blanketi, na shangazi akalifunika kwa khanga ili mgonjwa asione watu akasisimka. Kisha akabandika karatasi ukutani, yenye mistari aliyoipiga kwa rula: dawa, chakula, mkojo, choo, hali ya mgonjwa. Chini yake akaandika muda wa kuona wagonjwa, saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Nilidhani anatania.

Watu walikuja. Sista akiwa na mgonjwa, nani atathubutu kutokuja kumjulia hali? Walikaa kwenye makochi wakilitazama tenga, wakauliza amekula nini, wakasema mgongo ni kitu kibaya, hata mimi wangu. Akina mama wa kwaya walileta uji wa ulezi. Mmoja akauliza kama wanaweza kuomba.

"Ombeni," shangazi akasema, "lakini msiimbe. Akisikia nyimbo anafurahi, akifurahi anajitikisa."

Mimi nilipewa idara ya mkojo. Alfajiri, mchana na jioni nilimbeba mbwa hadi uani, nikampapasa tumbo nikitafuta kile kiputo cha kibofu, nikakiminya taratibu kuelekea nyuma. Ukikipata, mkojo unatoka kama bomba. Usipokipata, unabaki umechuchumaa unamsihi mbwa kwa maneno ya adabu. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walinikuta hivyo siku moja walipoleta madaftari. Waliyaweka chini wakaondoka, na kuanzia siku hiyo walianza kunisikiliza darasani.

Wiki ya tatu mkia ulitikisika. Mara moja tu, kushoto, kisha ukalala. Shangazi aliandika kwa wino mwekundu.

Hapo ndipo alipoingia mtani.

Sisi ni Wanyamwezi, na Wazaramo ni watani wetu tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wanashuka pwani na mizigo kichwani wakipita kwao. Mtani anaruhusiwa kukutukana mbele ya wakwe, kukuchekesha msibani, na kuchukua kitu chako mchana kweupe, hasa kuku. Wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Mtani wetu ni mzee wa rika la shangazi, aliletwa Tabora na kazi ya reli, akastaafu, akabaki kulima karanga Kwihara. Kwa miaka yote hiyo amekula kuku wetu bila huruma. Shangazi naye aliwahi kumnyang'anya kofia yake ya Ijumaa, na mara moja alimchukulia kiti wakati ameinuka kunawa mikono.

Alhamisi hiyo, kwenye saa nne asubuhi, shangazi alilitoa tenga barazani ili mgonjwa apate hewa, akaingia ndani kusaga dawa. Mtani alikuwa anapita kwa baiskeli akitokea sokoni. Aliona nini? Aliona baraza la watani, hakuna mtu, na tenga kubwa la kuku limefunikwa khanga vizuri. Mtu mwingine yeyote angejiuliza. Mtani hana haja ya kujiuliza, ana haki. Alilipandisha kwenye keria, akalikaza kwa mipira, akamwambia jirani wa mbele: "Mwambie mama, huyo kuku nimemkamata kihalali. Aje Kwihara kula mapaja." Mbwa, ambaye dawa zilikuwa zinamlegeza na ambaye siku zote alipenda kutembezwa, hakubweka. Jirani naye, aliyelijua tenga vizuri, aliyachukulia hayo ya kuku kuwa utani, akadhani ndiyo mgonjwa anapelekwa kuchuliwa hatimaye, akafurahi.

Nilikuwa darasani nachora mistari ya longitudo. Shangazi, akiwa ameshapewa na jirani ujumbe wa kuku, alinipigia simu akasema maneno mawili: "Mgonjwa katekwa."

Tulipanda bodaboda moja, dereva, mimi, na shangazi katikati akiwa amekumbatia faili lenye ile karatasi ya ukutani. Barabara ya Kwihara ni ile ile waliyopita wapagazi, na naamini haijasawazishwa tangu watue mizigo yao. Kila shimo lililoturusha nililihesabu kwenye mgongo wa mbwa. Shimo hili, pingili hii. Tuta hili, pingili ile. Wiki tatu za kubeba kwa mikono miwili, za kutembea kwa kunyata ndani ya nyumba yetu wenyewe, na sasa alikuwa amefungwa mipira kwenye keria ya baiskeli.

Tulipofika, maji yalikuwa yanachemka kwenye mafiga. Kisu kilikuwa kimenolewa, mkeka umetandikwa, na wageni watatu wa mtani walikuwa wamesimama wote upande mmoja, migongo ukutani. Tenga lilikuwa katikati ya ua, khanga imefunuliwa nusu. Mtani alikuwa amenyoosha mikono mbali na kanzu yake, na mkewe anammiminia maji na kumsugua kwa mchanga kuanzia vidole mpaka viwiko.

"Mtani," akasema aliponiona, "kuku wenu ana meno."

Nilimwangalia shangazi. Namjua akikasirika, taya linatangulia mbele. Taya lilitangulia. Kisha nikaona sheria ya utani ikimfikia, nikamwona akiimeza ile hasira kama kidonge kikubwa bila maji. Akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, machozi yalikuwa yanatoka. Alipiga magoti kando ya tenga, akaingiza mkono, akaminya kidole cha mguu wa nyuma.

Mbwa hakufanya kitu.

Akaminya tena. Wale wageni, bila kujua kinachotokea, walikuwa wameinamisha vichwa. Akahamia kidole cha pembeni, akaminya kwa nguvu zake zote za wodini. Mbwa aligeuka polepole akamwonyesha meno.

"Asante," shangazi akamwambia. Kisha kwangu: "Saa tano na dakika arobaini. Maumivu yapo. Andika."

Niliandika.

Likabaki suala la kurudi. Baiskeli haiwezekani, bodaboda haiwezekani. Shangazi alisimama akajipangusa magoti, na sasa sheria ikawa upande wake.

"Mtani kachukua, mtani atarudisha," alisema. "Na harudishi kwa gurudumu."

Walileta mti mrefu na kamba za katani, tukalitundika tenga katikati, kama walivyokuwa wakibeba mzegazega zamani. Mtani mbele, mimi nyuma, mti begani.

"Jamani, wabebaji si walikuwa babu zenu?" mtani akalalamika.

"Wamepumzika," shangazi akamjibu. "Twende. Polepole."

Sasa nakuomba ututazame kama walivyotutazama watu wa barabara ile. Wanaume wawili wanatembea kwa hatua fupi laini, kitu kimefunikwa khanga kinaning'inia katikati yao, na mama mtu mzima anatembea kando na mwavuli na faili, anasema polepole, polepole. Wa kwanza alikuwa mwendesha baiskeli. Alishuka, akavua kofia. Wanawake wawili wenye ndoo walizitua wakachuchumaa hadi tupite. Bibi mmoja aliupima ukubwa wa tenga kwa macho, akamshika shangazi mkono.

"Pole, mayu, pole mama. Ni mtoto?"

"Ni mgonjwa," shangazi akasema, kwa kuwa hasemi uongo.

Bibi alilitazama lile tenga lililofunikwa gubigubi, akamtazama shangazi, akatikisa kichwa kwa huruma. Akajiunga nyuma yetu. Yule wa baiskeli akajiunga, akiikokota. Wakatoka wengine mashambani, majembe begani. Bodaboda moja ilitufuata taratibu, taa imewashwa. Nilitaka kugeuka niwaeleze, lakini kugeuka kungeutikisa mti. Kuna mtu alianza kuimba kwa sauti ya chini.

"Msiimbe!" shangazi akamgeukia. Watu waliona uchungu umemzidi, wakamwachia nafasi.

Njiani mtani hakutania. Jasho lilikuwa limemlowanisha kanzu mgongoni, na kila tulipobadili bega alilishusha lake kama mtu anayetua yai. Tulipolikaribia daraja la kuingia mjini akaongea bila kugeuka.

"Mtani, mimi sikujua."

"Najua."

"Akifa huyu, mama hatanisamehe. Sheria ipo, lakini moyoni hatanisamehe."

Nilimwambia hafi. Sikuwa na uhakika hata kidogo.

Tuliingia Chemchem saa nane na watu wasiopungua thelathini. Majirani walipotuona walitoa mabenchi nje, na mama mmoja aliyekuwa anaosha vyombo akashika kichwa akaanza kulia. Tulilitua tenga barazani kwa mikono minne. Shangazi alipanda ngazi, akawageukia watu.

"Hakuna msiba," alisema. "Huyu ni mbwa. Ana mgongo. Anatakiwa kupumzika. Asanteni kwa kutusindikiza."

Hakuna aliyesogea. Khanga ikacheza, pua ndefu ikatokeza chini yake ikawanusa waombolezaji. Mwanamume mmoja aliyetembea nasi kutoka Kwihara kabisa aliliangalia jembe lake, akaiangalia pua, akauliza, "Kwa hiyo hata chai hakuna?"

Shangazi aliwapikia wote. Alichinjisha jogoo pia, na mapaja yote mawili alipewa mtani, ambaye siku hiyo hakuyafurahia.

Siku ya mwisho ya wiki ya sita daktari alikuja. Aliweka mkoba wake mezani bila kuufungua, nami sikuweza kuangalia kitu kingine isipokuwa ule mkoba. Shangazi alitandika mkeka sebuleni ili mgonjwa asiteleze, kisha akaenda kusimama mlangoni mwa jikoni, amegeukia upande wa masufuria. Nilimbeba mbwa kutoka kwenye tenga nikamweka juu ya mkeka, nikaondoa mikono.

Mbele alisimama. Nyuma alikaa. Tulingoja. Kisha makalio yakaanza kuinuka, yanatetemeka, yakashuka, yakainuka tena. Alipiga hatua nne za upandeupande, akaanguka, akaamka mwenyewe. Akasimama katikati ya sebule ya shangazi, akachuchumaa, akakojoa kwenye mkeka, dimbwi kubwa, bila kukamuliwa na mtu.

"Huo ndio niliokuwa nausubiri!" daktari akapaza sauti. Shangazi alikuwa amegeuka. Nilimwona akipiga makofi kwa ajili ya mkojo, sebuleni mwake, kwenye mkeka mpya.

Daktari akatuachia masharti ya maisha. Asinenepe. Asivalishwe mkanda wa shingoni, avalishwe wa kifuani. Ngazi hapana, kochi hapana, kuruka kutoka mahali popote pa juu hapana, kwa sababu pingili nyingine nazo zina viembe vyake. Akachukua mkoba wake vilevile ulivyokuja. Mimi nilimpisha mlangoni nikiwa najilaumu kimoyomoyo kwa lile kochi, kama nilivyojilaumu wiki zote sita, kwa kuwa mimi ndiye niliyemfundisha kulirukia.

Kesho yake nilitoka shule nikasikia msumeno. Fundi seremala alikuwa chumbani kwa shangazi. Kitanda chake cha mninga kilikuwa kimepinduliwa juu chini, miguu miwili imeshakatwa, na fundi alikuwa anaanza wa tatu. Shangazi alikuwa amesimama dirishani. Nilimuuliza kulikoni.

"Hakuwa kochini," alisema. "Wewe ukienda shule, alikuwa analala hapa na mimi. Hata alipoacha kupanda kochi, hapa nilikuwa nampandisha mwenyewe. Ile Jumapili tulikuwa tumechelewa kanisani na wewe unaniita. Nikamwambia ateremke, hakuteremka. Nikamfokea. Akaruka."

Fundi alikuwa ameacha kukata. Shangazi akamwambia aendelee.

Mguu wa nne ulipoanguka nilishika upande mmoja, fundi akashika mwingine, tukakigeuza. Kimebaki shubiri moja kutoka sakafuni, na mbwa hukipanda na kukishuka kwa kutembea tu. Shangazi amepita sabini na magoti yake hayakunji vizuri. Kila asubuhi, kabla sijaenda shule, huniita chumbani nimvute mikono yote miwili mpaka asimame.